Mpe Upepo Chake

Mwezi uliopita nilienda Kitengela kumtembelea binamu yangu, ambaye amehamia ghorofa ya tatu ya jengo lililo kando ya ploti yetu ya zamani. Kilichonishangaza kwanza ni nguo zake. Alikuwa ameanika mashati na shuka kwenye roshani, nazo zimening'inia tu, hakuna hata mkono mmoja wa shati uliotikisika. Nilisimama pale na kikombe cha chai nikizitazama mpaka binamu akaniuliza kama nimeona panya. Nikamwambia nangoja zipepee. Akanicheka. Yeye amekulia Nairobi, hawezi kujua.

Wewe labda utanielewa, hasa kama uliishi Kitengela miaka ile ya tisini, wakati mtu akitoka nyuma ya nyumba anakutana na nyika tupu mpaka macho yachoke, na nyumbu wakipita mbali kama watu wenye safari yao. Upepo ulitoka upande wa mashariki bila kizuizi chochote. Nguo tulizibana kwa vibanio viwili viwili, na bado ilikuwa kawaida kuamka ukakuta sketi yako ya shule imeenda kulala kwenye ua wa watu. Vumbi liliingia kwenye sukari, kwenye daftari, kwenye masikio. Kazi yangu ya kila jioni, baada ya kuteka maji na kuosha vyombo, ilikuwa kusokomeza vitambaa kwenye nyufa za madirisha, maana nyanya yangu hakutaka kusikia hata mluzi wa upepo ndani ya nyumba.

Nyanya huyo, Cucu kama nilivyomwita, alitoka Nyeri, akaja Kitengela kwa sababu babu alinunua ploti kabla hajafariki, na kwa maoni yake huo ndio ulikuwa utani wa mwisho wa babu. Baridi ya kwao aliizoea, lakini ile ya upepo wa pale hakuwahi kuipenda. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na shali juu ya hizo, hata Januari. "Upepo wa huku hauna adabu," alikuwa akisema, "unaingia bila kubisha." Niliishi naye kwa sababu wazazi wangu walifanya kazi mjini, na kwa kuwa tulikuwa wawili tu, maswali yangu yote yalimwangukia yeye. Kwa nini mbuzi wana macho ya hivyo? Kwa nini chai ikimwagwa kwenye sahani inapoa haraka? Angenijibu mawili matatu, kisha aniambie kwamba kuuliza si ujinga, lakini kuuliza kutwa nzima ni njaa, niende nikale.

Jambo moja tu lilimpatanisha na upepo, nalo ni kupepeta. Watu wa kwao walimletea maharagwe magunia kwa magunia, machafu, na yeye aliyasafisha na kuyauza. Hakupepeta kwetu. Alichukua ungo wake, akaenda ua wa jirani, kwa sababu ule ua ulikuwa na mabati pande tatu na upande wa mashariki ulikuwa wazi. Alikaa pale akingoja. Ungo mapajani, macho yamefumbwa nusu, ungedhani amelala. Ghafla anasimama, anarusha maharagwe juu, na papo hapo upepo unafika na kuondoka na makapi. Sikuwahi kumwona akirusha kabla ya wakati.

Jirani mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Garissa, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina na kicheko kilichosikika mpaka barabara ya Namanga. Katikati ya ua wake ndipo ilipokuwa meza ya mpira wa meza. Ilikuwa mbao mbili za plywood juu ya mapipa, zimepakwa rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka milango, na wavu wake ulikuwa kipande cha chandarua. Mwalimu wangu wa hesabu ndiye aliyemshawishi jirani kuiweka, na huyo jirani, ambaye alianza kwa kuuliza wanaume wazima wanagombania yai gani, baada ya wiki mbili alikuwa hataki kutoka mezani. Mpira ukibonyea, aliutumbukiza kwenye kikombe chake cha chai ya moto mpaka ubonyeo urudi. Ndiyo maana mpaka leo, nikishika mpira wa meza, nasikia harufu ya iliki na tangawizi.

Mimi niliingia timuni kwa sababu ya sheria. Palikuwa na ligi ndogo ya wilaya, timu chache tu: sisi, Kisaju, Isinya, Kajiado mjini na watu wa Ngong. Waliotunga sheria zake walitaka uwe mchezo wa familia, hivyo kila timu ilikuwa na watu watatu: kijana, mtu aliyepita miaka arobaini, na mtoto. Mwalimu alikuwa kijana wetu, jirani akawa mzee wetu. Mtoto walimtafuta wakamkosa, kwa sababu wavulana wote walitaka kandanda. Mimi nilikuwa nasimama pale kila jioni nikiuliza kwa nini mpira unapinda hewani. Mwalimu akachoka kunijibu, akanipa raketi, akasema niuulize mpira mwenyewe.

Nikauuliza. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sijawahi kupenda kitu kama nilivyopenda kile kitu. Ukisimama upande mmoja wa meza ile, upepo ulikupiga begani kushoto. Mkibadilishana, ukakupiga kulia. Ukipiga mpira kuelekea mezani, hauendi mezani, unaenda kwa mbuzi. Ilibidi uupige nje kabisa, upande unakotoka upepo, kisha upepo uurudishe. Jirani alikuwa na msemo wake: mpe upepo chake. Maana yake, usishindane nao, utoe kipande cha mpira uwe wake, na hicho kingine kitakuwa chako. Nilijifunza kusikiliza mabati. Yakianza kulia upande wa choo, nilijua nina muda wa kupumua mara moja kabla upepo haujafika mezani. Nyanya alikaa kando na ungo wake, na mara nyingine makapi yalitua mezani katikati ya mchezo, wanaume wakanung'unika kichinichini, maana nani angemwambia?

Sasa, pale kwetu hakuna timu iliyotushinda. Walikuja Isinya, walikuja Ngong na viatu vyao vyeupe, wakapiga mipira ikaenda mpaka kwenye maji ya mbuzi, wakarudi kwao wameduwaa. Lakini tukienda ugenini tulipigwa kila mara, hata na Kisaju, ambao mwalimu alisema wanashika raketi kama mwiko. Jambo hili lilininyima usingizi. Kila mtu alikuwa na jibu lake. Jirani alisema ni uchovu wa barabara. Wengine walisema tunanyweshwa chai yenye dawa. Mwalimu, ambaye alikuwa na methali kwa kila jambo, alisema mcheza kwao hutunzwa, akaona amemaliza. Nikampelekea nyanya swali hilo jikoni, siku moja ya mvua, akiwa anajaribu kupepeta maharagwe ndani kwa kukosa pa kwenda. Makapi yalipanda, yakashuka, yakarudi yote kwenye ungo. Nikamuuliza, kwa nini tukienda kwa watu tunashindwa? Aliutazama ungo wake kwa muda.

"Mimi najua nini mambo ya mpira," akasema, na kuniambia nilete sufuria.

Msimu ulipokaribia mwisho, tulikuwa tumeshinda zile mechi chache za nyumbani na kushindwa nyingi za nje, tuko mkiani sawa kwa sawa na Kisaju, na timu ya mwisho ingetolewa kwenye ligi. Ilibaki mechi moja, Kajiado, kwenye ukumbi wao. Na hapo ndipo jirani alipotuita, akasimama kando ya meza huku ameweka kiganja juu yake, akaonekana mtu mwenye aibu.

"Mama watoto amesema na mimi nimekubali," alituambia. "Mbuzi za kaka yangu zinakuja, na hakuna mahali. Tukibaki ligi, nitatafuta ploti ingine. Tukitoka, hii meza inatoka, mbuzi inaingia. Wallahi sina maneno mengine."

Hakuwa mtu mbaya. Ua ulikuwa wake, na mtu hawezi kumwambia mkewe kila siku kwamba mbuzi walale barabarani ili yeye acheze. Lakini mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka kwikwi. Kwangu meza ile ilikuwa mahali pekee ambapo swali lilipokelewa na kujibiwa papo hapo, mpira kwa mpira. Nyanya alikuja akanikuta. Hakunibembeleza, hiyo haikuwa desturi yake. Aliuliza Kajiado ni lini. Nikamwambia Jumamosi. Akasema atakwenda nasi, ana mtu wa kumwona huko. Hakusema ni nani, na tulipofika hakwenda kumwona mtu yeyote.

Tulisafiri kwa pikapu ya mbuzi ya jirani, iliyooshwa kwa heshima ya safari lakini bado inanuka kazi yake. Mwalimu alikaa nyuma na raketi zetu ndani ya mfuko wa unga. Tulipita Kisaju, tukapita Isinya, na njia nzima nyanya alikuwa mbele na sweta zake mbili na shali, ameziba kwa gazeti ufa wa dirisha la gari.

Ukumbi wa Kajiado ulikuwa wa mawe, mkubwa, na meza yake ilikuwa meza ya dukani, yenye mistari myeupe kweli kweli. Mlangoni alitupokea nahodha wao, kijana mrefu wa Kimaasai aliyefanya kazi ya kuchanja ng'ombe. Alipomwona nyanya aliinamisha kichwa aguswe, kama mtoto. "Takwenya, koko," alimsalimu kwa Kimaasai, kama nyanya yake. "Iko," nyanya akajibu, maana hata yeye alikuwa ameishi karibu na Wamaasai kiasi cha kujua hilo, akamwekea kiganja utosini. Kisha tukaingia, na nahodha akafunga mlango nyuma yetu. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa tayari. Vumbi, alieleza, linaharibu meza.

Kulikuwa kimya mle ndani, kimya ambacho masikio yangu hayakukijua. Nilitafuta sauti ya mabati, hakuna. Mwalimu alicheza wa kwanza, dhidi ya nahodha, na mpira wake wa kwanza ukaenda nje upande wa kushoto, ukabaki nje. Wa pili ukabaki nje. Alikuwa akiupa upepo chake, na upepo haukuwepo wa kupokea. Nilimwona akiitazama raketi, kisha akiitazama meza, kama mtu aliyeweka mguu pasipo na ngazi. Alijua kinachotokea, nafikiri sote tulijua wakati huo, lakini mkono haufundishwi upya kwa nusu saa. Alishindwa seti zote mbili.

Jirani akaingia. Alivua kofia, akasema bismillahi, akapiga mipira yake mizuri ya Kitengela, na yote ikaenda kuwasalimia mashabiki. Watu walianza kucheka, kicheko cha adabu lakini kicheko. Seti ya kwanza iliisha haraka. Kama angepoteza ya pili, mechi imekwisha, mimi hata nisiguse raketi, na Jumatatu mbuzi wangekuwa wanalala mahali pa meza.

Ndipo nyanya aliposema, kwenye ule ukimya wa kubadilishana upande. Hakupaza sauti, na alimwambia nahodha peke yake, kwa upole kabisa.

"Kijana yangu, mimi nasikia joto, hakuna hewa hapa. Si mnifungulie hizo madirisha za upande hii? Na huo mlango wa kule pia."

Nahodha alisita. Alitazama meza yake, akatazama vumbi nje. Lakini alikuwa ameguswa utosini na huyu mama saa moja iliyopita, na mgeni wa umri ule akiomba hewa unamnyima vipi? Alifungua mwenyewe, dirisha kwa dirisha, upande wote wa mashariki, kisha mlango wa upande wa pili. Upepo ukaingia bila kubisha. Kalenda iliyokuwa ukutani ilipiga makofi, na jirani, aliyekuwa ameinama akifunga kamba za kiatu, akainua shingo taratibu kama mbuzi aliyesikia maji.

Alishinda seti ile, na iliyofuata. Sikuona yote, nakuambia ukweli, kwa sababu nilikuwa namtazama nyanya. Yule mama aliyekosa hewa alikuwa amekaza shali mpaka kidevuni, ametia mikono kwapani, na meno yake yanagongana. Mtu aliyesikia joto hakai hivyo. Nikasahau hofu yangu yote. Nilikuwa na swali.

Nilipoitwa nilicheza na mvulana wa umri wangu, mwenye sweta ya shule, fundi kunishinda mimi, na hilo nalisema bila haya. Seti moja yake, moja yangu. Ya mwisho tulikwenda sambamba mpaka mwisho, na mpira wa kunipa ushindi ulikuja mkono wangu wa kushoto, ukiwa chini sana. Hapakuwa na mabati ya kusikiliza. Nilisikiliza kalenda. Ilipoanza kupiga nikaupiga mpira nje, nje kabisa, na mvulana akashusha raketi yake, akauacha uende. Uliinama, ukarudi, ukagusa kona ya meza.

Jirani alininyanyua juu mpaka nikaona taa kwa karibu. Mwalimu alikuwa analia na kukanusha kwamba analia. Mvulana alisimama palepale, akaitazama kona, kisha akageuka kuyatazama madirisha, na nilimwonea huruma, maana niliufahamu uso ule. Ulikuwa uso wa mtu anayeuliza kwa nini. Nahodha alizunguka akifunga madirisha kimya kimya. Alipofika la mwisho, lililokuwa juu ya kiti cha nyanya, alimtazama kwa muda, halafu akacheka peke yake, akainamisha kichwa tena aguswe.

Ndani ya pikapu, hata hatujapita Isinya, nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza nyanya kama kweli alikuwa na joto, mbona alikuwa anatetemeka?

"Joto ilikuwa ya ndani, baridi ilikuwa ya nje," alijibu, na jirani akacheka mpaka gari likayumba.

Meza ilibaki. Jirani alitimiza neno lake, mbuzi wakahamia ploti ya kukodi, na mimi nilicheza pale mpaka nilipokwenda shule ya bweni. Kila likizo nilimuuliza nyanya swali lilelile, na kila likizo alikuwa na jibu jipya. Mara ukumbi ulinuka viatu. Mara alikuwa na kizunguzungu. Mara nyingine alisema ni lile gari, harufu ya mbuzi ilikuwa bado puani. Niliwahi kujiuliza kama tulishinda kwa haki, na bado najiuliza. Upepo ni wa nani? Je, anayeufungia nje na anayeuingiza ndani, nani kati yao ameharibu mchezo? Lakini swali lililonikaa rohoni halikuwa hilo. Nilitaka tu kujua kama mwanamke aliyechukia upepo maisha yake yote aliuita kwa ajili yangu.

Mambo yakaisha, kama yanavyoisha, bila kuaga. Mwalimu alipata uhamisho. Ligi ilikosa wa kuisimamia. Mvua moja ilivimbisha plywood, na jirani hakuwa na mwenzake wa kutengeneza naye nyingine. Katikati ya miaka ya elfu mbili ploti zilipanda bei, naye akauza, akahamia Kimuka na mbuzi wake. Lile jengo anamoishi sasa binamu yangu likapanda pale uani kwake, ghorofa juu ya ghorofa, hatua chache tu kutoka dirisha la chumba cha nyanya.

Alipougua nilikuja kukaa naye. Alikuwa amekuwa mdogo sana ndani ya zile sweta mbili. Vitambaa vyangu bado vilikuwa kwenye nyufa, miaka yote ile, vimegeuka rangi ya vumbi. Mchana mmoja, nikiwa namnywesha uji, nilimuuliza tena.

"Cucu, siku ile ya Kajiado. Ulijua?"

Alitabasamu, akageuza uso ukutani, kisha akaugeuza tena kwangu.

"Fungua dirisha kwanza," akasema, "ndio nikuambie."

Nilivuta vitambaa kimoja kimoja, nikafungua dirisha wazi. Mbele yangu palikuwa na ukuta wa mawe wa lile jengo, na bomba la maji. Nikarudi nikakaa kitandani. Nyanya alikuwa amefumba macho nusu, mikono mapajani, kama alivyokuwa akikaa na ungo.

"Umefungua?"

"Nimefungua, Cucu."

"Basi tungoje kidogo," akasema. "Hewa itakuja."

Tulingoja, yeye na mimi, mpaka uji ukapoa.